Mguu mmoja, vidole vitano: modifaya 59 imetuzoesha vibaya

Noti ya daktari ilikuwa na mistari mitatu tu. Mama wa miaka sabini na kitu, ana sukari, kaja kliniki ya miguu, sugu imechongwa, kucha imesafishwa, mgonjwa amevumilia vizuri, arudi baada ya miezi miwili. Basi. Hakuna kidole, hakuna kulia wala kushoto, hakuna chochote cha kukuonyesha daktari alishika wapi. Mi naishi Texas na kazi yangu ni koda, yaani nasoma noti za madaktari nazigeuza kuwa namba ili bima ilipe, na hiyo noti iliniganda mezani Jumatatu asubuhi kwa sababu namba zake mbili, 11055 ya kuchonga sugu na 11720 ya kusafisha kucha, zikikaa kwenye klemu moja, yaani dai moja la malipo, ya siku moja programu inawasha alama nyekundu halafu inakuuliza kama unataka kuongeza modifaya 59, alama ndogo inayobandikwa kwenye namba kusema hizi huduma mbili zilikuwa tofauti. Kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza nyekundu inazimika, klemu inaondoka, unafungua noti inayofuata.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi, mtu mwema sana na kanifundisha mengi, akaniambia we weka 59 itapita. Na alikuwa anasema kweli, ingepita. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba ingepita bila mtu yeyote kujua kama ilistahili kupita, wala mimi niliyebonyeza, wala bima iliyolipa, wala yule mama.

Nawaandikia kwa sababu najua ndugu zetu wengi huku wanaingia kwenye hii kazi, wengine walikuwa wanahudumia wazee mchana na usiku wanasoma mpaka wakafaulu mtihani wa CPC, yaani cheti cha ukoda, na kitu cha kwanza wanachofundishwa kazini, kabla hata hawajajua choo kiko wapi, ni hicho kitufe. Na wasiofanya hii kazi wana wazazi wanaopokea hizo bili. Kwa hiyo ngoja nieleze inavyokwenda, taratibu.

Marekani karibu kila anachokufanyia daktari kina namba ya tarakimu tano, inatoka kwenye kitabu cha CPT kinachotolewa na AMA, chama cha madaktari, tangu 1966. Sasa tatizo la namba ni kwamba kazi moja ya mkono inaweza kukatwa vipande ikaandikwa namba tatu, na kila namba ina bei yake. Mtu kashonwa kidonda, mwingine atataka alipwe kushona na alipwe tena kuosha kidonda kabla ya kushona, wakati kuosha ni sehemu ya kushona, hakuna anayeshona kidonda kichafu. Ndo maana 1996 Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, wakaanzisha NCCI, orodha kubwa sana ya jozi za namba ambazo kwa kawaida hazilipwi pamoja, na inabadilishwa kila robo mwaka. Kila jozi ina safu mbili, ya kwanza inalipwa na ya pili inaangushwa, na pembeni yake kuna tarakimu ndogo. Ikiwa 0, hiyo jozi haipiti hata ulete modifaya gani. Ikiwa 9, zuio lilishaondolewa. Ikiwa 1, inaweza kupita kama kweli zile huduma zilikuwa mbili tofauti na wewe umeweka modifaya ya kusema hivyo.

Ni hiyo 1 inayotutesa. Maana mwili una sehemu nyingi, na ni kweli kabisa kwamba daktari anaweza kuchonga sugu ya unyayo wa kushoto na kusafisha kucha ya mguu wa kulia, hizo ni kazi mbili na alipwe zote mbili, haki yake. Modifaya ziliwekwa kwa ajili hiyo. 59 inasema hii huduma ilikuwa tofauti na ile nyingine, pengine sehemu nyingine ya mwili, pengine kidonda kingine, pengine mkato mwingine, pengine saa nyingine. Umeona? Pengine, pengine, pengine. Inasema ni tofauti lakini haisemi tofauti kwa nini.

Turudi kwenye mguu wa mama, maana hapo ndo utaona jinsi sehemu ya mwili ilivyo kitu cha kupimwa na siyo cha kukisia. Medicare wameiandika hiyo jozi ya 11055 na 11720 kwa undani ambao ukiusoma mara ya kwanza unashangaa. Kama kucha imesafishwa kwenye kidole hikihiki ambacho sugu yake imechongwa, na sugu iko kwenye kile kiungo cha mwisho karibu na ncha au mbele yake, hapo ni sehemu moja, 11720 haistahili kulipwa, na kuipitisha kwa modifaya hairuhusiwi. Lakini kama sugu iko kidole kingine, au iko kidole hichohicho ila nyuma ya kile kiungo, upande wa kuelekea mguuni, basi ni sehemu mbili na zote zinalipwa. Yaani tofauti ya kulipwa na kutolipwa inaweza kuwa sentimita moja ya ngozi. Shika kidole chako cha mguu sasa hivi utafute hicho kiungo, utaona ninachosema. Halafu rudi kwenye ile noti ya mistari mitatu uniambie wewe ungeweka nini.

Na mguu siyo peke yake. Kucha, ngozi iliyo chini ya kucha, na nyama laini iliyo pembeni vinahesabiwa sehemu moja. Sehemu ya nyuma ya jicho moja, retina na majirani zake, ni sehemu moja. Bega ni kubwa na madaktari wa mifupa wanaingia kwa kamera wanafanya kazi kwenye kona zake mbalimbali, lakini kwa Medicare bega moja ni sehemu moja ukiacha jozi chache walizoziruhusu kwa majina, kwa hiyo aliyerekebisha msuli wa bega kwa 29827 na akasafisha utando wa kiungo kwa 29820 kwenye bega hilohilo analipwa moja. Kama la kwanza ni bega la kulia na la pili ni la kushoto, hapo sawa, na modifaya zake ni RT na LT, wala 59 haihitajiki.

Hilo la mwisho watu wanalisahau kila siku. Kitabu chenyewe kinasema 59 ni ya mwisho kabisa, unaitumia ukishakosa nyingine inayoeleza zaidi. Na zinazoeleza zaidi zipo nyingi tu. Kila kidole cha mkono kina modifaya yake, FA mpaka F9. Kila kidole cha mguu kina yake, TA ni kidole gumba cha kushoto, T5 ni gumba cha kulia, katikati hapo na kuendelea mpaka T9. Kope zina nne, E1 mpaka E4, ya juu kushoto, ya chini kushoto, ya juu kulia, ya chini kulia. Mishipa ya moyo inayo ya kwake. Yaani mtu alishakaa akahesabu mwili kidole kwa kidole ili tuweze kusema ukweli kwa herufi mbili, halafu sisi tunaruka yote hayo tunaenda kwa 59 kwa sababu iko karibu na kidole kilichoshika kipanya cha kompyuta.

Kuna kosa lingine nalisikia sana hasa kwa wanaoanza, kwamba ukiwa na magonjwa mawili tofauti basi umeruhusiwa kuweka 59. Hapana. Sugu ni ugonjwa huu na kucha yenye fangasi ni ugonjwa ule, lakini kama viko kwenye ncha ya kidole kimoja bado ni sehemu moja. Medicare wameandika wazi kwamba utambuzi tofauti wa ugonjwa peke yake hautoshi.

Haya, sasa nije kwenye ninachotaka kusema. Mi naona 59 ingepumzishwa kwenye madai yote yanayohusu sehemu tofauti za mwili. Anayesema sehemu mbili aitaje sehemu, asipoweza kuitaja asidai.

Siyo hasira za Jumatatu tu. Mwaka 2005 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani, OIG, ilitoa ripoti baada ya kuchambua jozi zilizolipwa kwa 59 mwaka wa fedha 2003, ikakuta asilimia 40 hazikutimiza masharti, dola milioni 59 zimelipwa isivyotakiwa. Watu wengi wakiitaja hiyo ripoti wanaishia hapo, wanasema wizi wizi. Mi nawaomba msogee mbele kidogo muone ile 40 imegawanyikaje. Asilimia 15 ndizo zilizokuwa huduma zisizo tofauti kweli, yaani sehemu moja imedaiwa mara mbili. Asilimia 25 zilizobaki shida yake ilikuwa maandishi, rekodi haitoshi, huwezi kujua. Kwa maneno mengine kundi kubwa zaidi ni noti kama ile yangu ya mistari mitatu. Daktari pengine alifanya kazi mbili kweli, na alistahili, lakini hakuandika wapi, na koda akabonyeza kitufe badala ya kuuliza. Ndo maana nasema 59 imetuzoesha vibaya, kwa sababu inakuruhusu upite bila kuuliza swali moja dogo, wapi?

CMS, wale wanaoendesha Medicare, walilijua. Agosti 2014 walipotangaza modifaya mpya walisema wenyewe kwamba 59 ndiyo inayotumika kuliko zote na inatumika vibaya sana, na makadirio waliyoyaonyesha yalifikisha makosa ya hadi dola milioni 770 kwa mwaka kwenye mistari ya klemu iliyobeba 59, ingawa walikiri siyo yote ni kosa la 59 yenyewe. Kwa hiyo kuanzia Januari 2015 wakaleta nne, XE kwa ziara tofauti, XP kwa mhudumu tofauti, XS kwa kiungo au sehemu tofauti, XU kwa huduma isiyo ya kawaida isiyoingiliana na ile kuu. Ni mpango mzuri, walichukua zile pengine zote za 59 wakazitenganisha. Halafu wakaharibu hapohapo kwa kuiacha 59 iendelee kufanya kazi kama zamani. Sasa niambie, una watu wamezoea mlango mmoja miaka karibu ishirini, unafungua milango minne mipya inayohitaji kufikiri, na ule wa zamani unauacha wazi, nani atahama? Mwaka 2019 wakalegeza tena, kuanzia Julai unaweza kuweka modifaya kwenye namba ya safu ya kwanza au ya pili, popote, klemu itapita. Hilo la 2019 silipingi, lilikuwa linatuangushia klemu halali kwa kosa la mpangilio tu. Ila kuiacha 59 na XS zikae meza moja kama mapacha, hapo walikosea.

Kuna hoja moja inanisumbua kweli na siwezi kuikwepa. Utumbo mpana. Daktari kaingiza kamera, kakuta kinyama kimoja akakikata kwa kitanzi, hiyo 45385, akakuta kingine akakidonoa kwa koleo kwa ajili ya vipimo, hiyo 45380. Vinyama viwili tofauti, zote zinalipwa. Kama alidonoa kinyama hikihiki halafu akakikata chote, inalipwa ya kitanzi tu. Sasa utumbo hauna modifaya za vidole, hauna kulia na kushoto kwenye klemu, kwa hiyo uko kati ya 59 na XS. Na maelezo ya XS yanasema kiungo au umbo tofauti, wakati utumbo mpana ni mmoja, ila maelezo ya 59 yanataja waziwazi kidonda tofauti. Koda makini anaogopa kuweka XS hapo, anasema utumbo ni mmoja mi ntasemaje ni kiungo tofauti, anarudi 59, na mi siwezi kumlaumu. Dawa yake ni sentensi moja ya kuongeza kwenye maelezo ya XS kwamba kidonda au uvimbe tofauti ndani ya kiungo kimoja unahesabika. Waiandike. Lakini ona pia kwamba hata hapo kinachookoa klemu siyo herufi, ni ile noti. Kinyama cha milimita nne kwenye utumbo unaopanda kimetolewa kwa koleo, kinyama cha milimita kumi na mbili karibu na mwisho kimekatwa kwa kitanzi. Daktari akiandika hivyo hakuna wa kumbishia. Akiandika vinyama vimetolewa kwa koleo na kitanzi, ameniachia mimi nikisie ndani ya tumbo la mtu.

Na bima nazo zisijione safi. Zipo kampuni ambazo ukiweka 59 zinakata moja kwa moja bila kufungua rekodi, zinasubiri uchoke. Nimeshatuma klemu yenye noti iliyonyooka, kidole kimetajwa, upande umetajwa, ikarudi na CO-97, yaani malipo yake yamo ndani ya huduma nyingine, nikaambatanisha noti nikakata rufaa ikalipwa, mwezi uliofuata jozi ileile kampuni ileile ikarudi tena na CO-97. Kliniki ndogo haina mtu wa kukaa anapigana hivyo kila wiki, kwa hiyo inaacha, na pesa halali inabaki kwa bima. Kwa Medicare una siku 120 tangu upate uamuzi za kuomba waangalie upya, hatua ya kwanza kati ya tano, na nawaambia wenzangu msiziache hizo siku zipite kama noti yenu ni nzuri. Mtu anayeogopa kukata rufaa kwenye dai la kweli na mtu anayebonyeza 59 kwenye dai asilolijua wanaharibu kitu kilekile, wote wanafanya ile modifaya isiwe na maana ikisomwa.

Kwa mgonjwa sasa. Watu wanadhani haya ni mambo ya kliniki na bima, mgonjwa hayamhusu. Yanamhusu. Mwenye Medicare ya kawaida sehemu B, akishamaliza makato ya mwaka, yaani kile kiasi anachojilipia mwenyewe kwanza, analipa asilimia 20 ya kile Medicare walichokubali. 59 ikipitisha mstari usiostahili, asilimia 20 ya huo mstari inatoka kwenye mkoba wa mama, au kwako mwanawe unayemlipia. Atalipa tu, maana bili imeandikwa Medicare wamekubali, nani atabisha? Na upande wa pili, mstari ukiangushwa kwa CO, hizo herufi mbili zina maana kliniki inabeba hasara kwa mujibu wa mkataba wake na bima, haitakiwi kukugeuzia wewe, inayokuhusu wewe ni ile yenye PR. Nimekutana na wazee wetu waliolipa bili za namna hiyo kwa sababu karatasi ilikuwa na nembo na tarehe ya mwisho. Shikamoo wazee wangu, nawaomba sana, karatasi ya Medicare ikija nyumbani kuna safu inayotaja kiwango cha juu unachoweza kudaiwa, wekeni kidole hapo, bili ya kliniki ikizidi hapo msilipe kwanza, pigeni simu muulize. Na ukiona huduma mbili za siku moja hebu jiulize ulishikwa wapi na wapi. Wewe ndiye uliyekuwa na huo mguu.

Basi ile noti sikuibonyeza. Nilimwandikia daktari swali kwa njia ya mfumo, bila kumwelekeza jibu, maana hairuhusiwi koda kumwambia daktari aandike nini, nikauliza tu sugu ilikuwa kidole gani na sehemu gani ya kidole, na kucha zilizosafishwa ni za vidole gani. Ikakaa siku mbili. Msimamizi akauliza mbona hii haijaenda, nikamwambia nasubiri daktari, akaguna. Jumatano jioni jibu likaja, daktari kaongeza maelezo kwenye rekodi yake kwa tarehe na sahihi kama inavyotakiwa. Sugu ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kucha moja, gumba hilohilo. Nikaifuta 11720 na klemu ikaenda na mstari mmoja.

Tangu siku hiyo noti za yule daktari zinakuja na kidole.